Kabla ya Polisi Jamii Palikuwa na Mwano

Ukihudhuria semina ya ulinzi shirikishi siku hizi, mtoa mada huanzia mwaka 2006, Said Mwema alipokuwa Mkuu wa Jeshi la Polisi na habari ya polisi jamii ikaanza kuhubiriwa nchi nzima. Atachora maduara ubaoni, raia hapa, polisi pale, usalama katikati, kisha watu watakunywa soda na kusaini posho. Sina ugomvi na hayo. Ila sisi tuliokulia Kahama mwanzoni mwa miaka ya themanini hutazamana tu, kwa sababu tunajua kwamba raia walianza kujilinda pasipo semina, tena walianza kwa kuwa polisi hawakuwapo, na walipokuwapo mara nyingine ilikuwa heri wasiwepo.

Nazungumza kama mtu wa ndani. Mwaka 1982 nilikuwa kijana niliyemaliza darasa la saba na kukosa nafasi ya sekondari, kazi yangu kuchunga na kulima pamba ya baba. Mwandiko wangu ulisomeka, na baba yangu mdogo alikuwa mtwale, yaani msaidizi wa mtemi, mkuu wa sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji chetu. Basi nikakabidhiwa daftari. Sikuwa hodari wa upinde, na nadhani baba mdogo aliona afadhali nishike kalamu nisije nikamchoma mwenzangu gizani.

Lakini mambo yenyewe ni ya zamani kuliko mimi na kuliko baba mdogo. Katika Usukuma na Unyamwezi mwano ulikuwapo enzi za watemi, machifu wetu wa zamani. Mwano ni ukelele wa hatari: mtu anavamiwa, ng'ombe wameswagwa, fisi au simba kaingia zizini, mtoto kapotea porini. Ukiusikia hukuulizwa kama unamjua anayepiga. Ulichukua silaha yako, ukaunga mkono kwa kupaza sauti ili wa mbele nao wasikie, ukaenda. Aliyesikia akabaki amejifunika shuka alikuwa amekosa, na siku ya pili aliitwa kujieleza. Hans Cory, Mwaustria aliyekuwa mtaalamu wa mila katika serikali ya Kiingereza, alikusanya sheria na mila za Wasukuma katika kitabu alichokitoa mwaka 1953, na wazee wetu walikuwa wakicheka wakisema mzungu kaandika wanayoyajua watoto wao.

Chini ya mtemi walikuwapo banang'wa, wasaidizi wake, na vijana nao walikuwa na utawala wao chini ya nsumba ntale, aliyewaita kulima, kupura mtama na kujenga, na kumtoza aliyetega. Tena Wasukuma wamejaa vyama vya kila aina. Kuna Bagalu na Bagika wanaoshindana ngoma hata leo, kuna Bayeye wenye kucheza na nyoka, kuna Banunguli wa kuwinda nungunungu. Kila chama kina vyeo, dawa, nyimbo, viapo na siri zake. Ndiyo maana wageni waliposhangaa jinsi sungusungu walivyopangana haraka namna ile, mimi sikushangaa. Mtu wa kwetu akiambiwa "tuunde chama", anajua nani atakaa wapi kabla hata mkutano haujaanza.

Uhuru ulipokuja, utemi ulifutwa kwa sheria mwaka 1963. Mahakama za watemi zikaondoka, ikaja mahakama ya mwanzo yenye hakimu wa serikali, na kutoka kwetu kwenda huko ilikuwa safari ya baiskeli ya kutwa. Chama cha TANU kikaleta balozi wa nyumba kumi, mtu mwema mara nyingi, mwenye bendera na kitabu cha risiti, lakini hakuwa na upinde. Mwaka 1972 serikali za mitaa zikavunjwa. Kisha ikaja 1974 na Operesheni Vijiji.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu wanaoandika juu ya ulinzi huruka kipande hiki. Kabla ya operesheni kila ukoo ulikaa na zizi lake, nyumba zimezungukwa na ua wa minyaa, kati ya mji na mji kuna mashamba na malisho. Ulijua ng'ombe wa nani wamepita na saa ngapi. Operesheni ilituweka kwenye mistari, nyumba hii na nyumba ile zikipeana kivuli. Nyumba za zamani zilibomolewa. Mpaka leo ukitembea porini ukikuta minyaa imesimama duara, ujue hapo palikuwa na mji wa mtu. Jirani yako mpya alikuwa mtu usiyemjua baba yake. Mtoto akiugua, kuku wakifa, ng'ombe akitupa mimba, jicho lilimwangukia huyo. Malisho yakawa mbali, vijana wakalala na ng'ombe porini, na wezi wakajua pa kuwapata. Sisemi vijiji havikuleta shule na zahanati; mimi mwenyewe nilisomea hapo. Nasema vilileta pia majirani wasiofahamiana, na hofu ikapanda.

Hofu hiyo ilikuwa na sura mbili, wizi wa ng'ombe na uchawi. Vikongwe walikatwa mapanga usiku kwa kuwa macho yao yalikuwa mekundu, mekundu kwa moshi wa kuni na kinyesi cha ng'ombe walichopikia miaka sitini. Serikali iliamua kukomesha mauaji, na mwaka 1976 ikafanya msako mkubwa katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga. Watu walikamatwa kwa mamia. Waliteswa ili wakiri, na baadhi yao wakafia mikononi mwa vyombo vya dola. Habari zilipofika juu, mwezi Januari 1977 mawaziri wawili walijiuzulu, Ali Hassan Mwinyi wa Mambo ya Ndani na Peter Siyovelwa aliyekuwa Waziri wa Nchi, na wakuu wa mikoa hiyo miwili nao wakaachia ngazi. Mwinyi hakuwa amemgusa mtu hata kwa kidole. Alisema amebeba dhamana ya yaliyotendwa na walio chini yake. Alipelekwa kuwa balozi Misri. Shikilia jina lake, tutalihitaji mbele.

Fikiria basi mwananchi wa Shinyanga baada ya hapo. Polisi aliowajua ni wale wa msako. Baadaye ikaja vita ya Kagera, 1978 hadi 1979, na ilipokwisha bunduki zilionekana mahali ambapo hazikuwahi kuonekana. Uchumi ukaanguka. Sabuni, sukari, betri, kanga, vyote vya magendo. Ng'ombe akawa ndiyo benki pekee iliyobaki, na benki hiyo hulala nje. Wezi walikuja na silaha mchana kweupe, wakabisha hodi kwa jina. Ukimkamata mwizi ukampeleka kituoni, ulitakiwa ulipie karatasi, nauli ya askari na chakula cha mtuhumiwa; ukirudi nyumbani ungemkuta amekutangulia, amekaa kilabuni anakunywa, anakuuliza habari za safari.

Hivyo ndivyo sungusungu walivyozaliwa, kati ya 1981 na 1982, katika vijiji vya mpakani mwa Kahama na Shinyanga. Mimi niliwaona walipofika kwetu tayari wakiwa na utaratibu. Wengine waliwaita Basalama, watu wa usalama. Jina la sungusungu lilishika zaidi, na kila aliyewahi kuvamiwa usiku na wadudu wa jina hilo hakuhitaji maelezo. Walikuja wazee na vijana wa kijiji cha jirani, wenye pinde, wakaimba, wakakaa nasi usiku kucha wakitufundisha. Kesho yake tulikuwa na mtemi wetu, mtwale, katibu na makamanda. Wanawake nao walichagua viongozi wao. Mtemi wa utawala alikuwa amefutwa miaka karibu ishirini nyuma, na sasa jina lilirudi kwa mlango wa uani, likavishwa mtu ambaye hakuwa na ukoo wa kifalme wala elimu. Mtemi wetu alikuwa mfuma vikapu.

Masharti yalikuwa machache. Kila mwanamume mwenye nguvu awe na upinde, mishale na filimbi. Bunduki hapana. Mgeni akilala kwako, utoe taarifa jioni ileile. Mwano ukilia, utoke. Uongozi ulikuwa bila mshahara, na hilo ndilo lililowashangaza watu wa serikali kuliko yote: waliona wakulima wakikesha bila posho, na hawakuelewa.

Nikueleze kazi yenyewe ilivyokuwa. Ng'ombe wameibwa usiku wa manane. Filimbi ya kwanza inalia upande wa mashariki, ya pili inajibu, na baada ya muda mfupi kijiji kizima ni filimbi. Wenye mbio wanawahi njia zote za kutokea. Wengine wanakusanyika zizini, na hapo hutulizwa kelele, kwa sababu sasa inaanza kazi ya macho. Mzee mmoja, mwenye ng'ombe au mchungaji wao, anachutama na kusoma ardhi kwa taa ya chemli. Anatafuta kwato anayoijua. Kwetu palikuwa na jike mwenye kwato iliyopasuka upande wa kushoto, na kwato hiyo ndiyo iliyofuatwa hadi asubuhi. Wezi wana hila zao. Hupitisha ng'ombe mtoni, huwachanganya na kundi la mtu mwingine, hupita juu ya mwamba. Mfuatiliaji naye hugusa kinyesi kwa kidole gumba kuona kama kina joto bado. Majani yaliyokanyagwa yakiwa bado yanainuka, wezi wako karibu. Yakiwa yamelala na umande juu yake, wametangulia sana.

Unyayo ukifika mpaka wa kijiji cha jirani, tulisimama. Tulipiga filimbi, wao wakatoka, tukawaonyesha, na wao wakaupokea. Tangu hapo ni wao wanaoongoza na sisi tunafuata nyuma. Unyayo ukiingia kijijini mwao usitoke, ilikuwa juu yao kueleza ng'ombe wako wapi. Kanuni hiyo moja ilifanya kazi kuliko mishale yote, kwani mwizi wa zamani alitegemea kwamba akivuka mpaka yuko salama. Sasa kila mpaka aliovuka ulimwongezea wanaomfukuza. Nimewahi kuona ng'ombe wakirudishwa na watu wa vijiji ambavyo hata majina yake sikuwa nimeyasikia, wamechoka, miguu ina damu ya miiba, wanaomba maji tu.

Daftari langu lilikuwa kubwa, lenye jalada gumu jeusi na mgongo mwekundu, lilinunuliwa kwa mchango na kutunzwa darini mwa nyumba ya mtwale. Niliupiga mistari kila ukurasa kwa rula: tarehe, jina, kosa, mchenya, kalipa au bado. Mchenya ni faini. Ukilifungua leo hukuti wezi wengi. Unakuta majirani. Huyu hakutoka kwenye mwano, jogoo mmoja. Yule alilala lindoni, mbuzi. Mwingine alikutwa amelewa na upinde mkononi, mbuzi na kunyang'anywa upinde hadi mwezi uandame. Mmoja alimhifadhi shemeji yake siku mbili pasipo kutoa taarifa, na shemeji alikuwa mtu mwenye sifa mbaya. Huyo alitozwa ng'ombe, akalia, wakampunguzia. Mwalimu wa shule alikataa kulinda akidai ana kazi za serikali. Mbele ya jina lake imeandikwa "kaonywa", na chini, kwa wino mwingine, "anakuja". Nguvu kubwa za sungusungu zilitumika kutulazimisha sisi wenyewe kuwa majirani. Wezi waliondoka mapema, kwa kuwa walikuwa wachache na walijulikana.

Adhabu iliyoogopwa haikuwa mchenya wala fimbo, ilikuwa kutengwa. Mtu akigoma kulipa, mkutano wa hadhara, dagashida, uliamua kwamba asisalimiwe. Hapati moto kwa jirani wala haazimwi jembe. Ng'ombe wake hawachanganyiki na wengine kwenye lambo. Mashine ya kusaga haimpokei. Akifiwa atachimba kaburi mwenyewe. Atakayemwambia "mwangaluka" asubuhi naye atatozwa. Nilimwona mwanamume mwenye ng'ombe wengi kuliko mtu yeyote kijijini aliyesema hawaogopi wavaa matambara. Haikuchukua muda, alikuja kwenye mkutano akipiga magoti na dume la kuchinja, na mkewe ndiye aliyekuwa amemsukuma, maana yeye ndiye aliyekuwa akienda kisimani peke yake.

Na sasa niseme jambo ambalo wazee wenzangu hawapendi liandikwe. Silaha hiyohiyo iligeuzwa kwa wasio na ng'ombe wala mume. Kutoka mwanzo sungusungu hawakutenganisha mwizi na mchawi. Wote wawili waliitwa wabaya wa kijiji. Kuna ukurasa katika daftari wenye jina la bibi mmoja mjane. Safu ya kosa imeandikwa "anasemwa". Safu ya mchenya imeandikwa "ahame". Hakuna shahidi, hakuna kilichokutwa kwake, hakuna aliyeugua aliyetajwa. Aliondoka na kuku wake kwenye kapu, kwa mguu, kuelekea kwa binti yake. Watetezi wa sungusungu husema kwamba kumhamisha kulimwokoa na panga, na inawezekana kuna vikongwe waliopona kwa njia hiyo. Lakini mtu aliyefukuzwa kwake kwa neno "anasemwa" hajalindwa na mtu.

Hata wezi wa kweli walitendewa yasiyopaswa. Walifungwa kamba, walichapwa mpaka wakataja wenzao, na waliotajwa wakachapwa wataje wengine. Ukiwa umesikia habari za msako wa 1976, unajua tayari mchezo huo unaishia wapi. Palikuwa na waliokufa, katika vijiji mbalimbali. Polisi na mahakama walianza kuwakamata viongozi wa sungusungu kwa kupiga, kutoza faini bila mamlaka na kufungia watu. Chama tawala kikawa upande wa wanavijiji, na Mwalimu Nyerere mwenyewe akawaunga mkono. Hivyo serikali ikawa na midomo miwili: hakimu anamhukumu mtemi asubuhi, na kiongozi wa Chama anampongeza jioni. Sisi tulijifunza kumsikiliza wa jioni.

Mahakimu hawakunyamaza. Mwishoni mwa miaka ya themanini, baada ya haki za binadamu kuingizwa katika Katiba mwaka 1984, Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu aliandika hukumu kali dhidi ya vitendo vya sungusungu, akisema kwamba hawana uwezo wa kumhukumu mtu, kumtoza wala kumfukuza kijijini, na kwamba mtu hatolewi katika makazi yake kwa tuhuma ya uchawi. Kwetu hukumu hizo zilifika kama uvumi. Mtemi aliuliza kama huyo jaji ana ng'ombe.

Jibu la serikali lilikuwa la kisheria. Mwaka 1989 Bunge lilirekebisha sheria za mgambo, na sungusungu wakapewa uwezo wa kukamata watu sawa na askari polisi. Hawakupewa uwezo wa kuhukumu. Kuanzia hapo mtu akikamatwa alitakiwa afikishwe kwenye mkono wa sheria. Rais wakati huo alikuwa nani? Ali Hassan Mwinyi. Yule aliyepoteza uwaziri kwa sababu ya yaliyofanywa na vyombo vya dola Shinyanga ndiye aliyekuwa Ikulu siku watu wa Shinyanga walipopewa mamlaka ya kukamata. Sijui kama aliliwaza hilo alipotia saini, na kwa heshima yake sitamtilia maneno mdomoni. Kwangu mimi hakuna sentensi moja inayoeleza vizuri historia ya ulinzi wa vijijini Tanzania kuliko hiyo.

Sheria ilitusaidia na ilituua. Ilitusaidia kwa kuwa viongozi wetu hawakuogopa tena kuwekwa ndani kwa kumfunga mwizi kamba. Ilituua kwa kuwa sasa tulikuwa mali ya ofisi. Afisa mtendaji alikuja na orodha: leteni watu wa kusimamia kodi ya maendeleo, leteni watu wa kuhakikisha kila kaya ina shamba la pamba, leteni walinzi wa kiongozi anayekuja kuhutubia. Mtu aliyekuwa anakesha kwa ajili ya ng'ombe wa jirani alijikuta anamkamata jirani huyohuyo kwa kodi. Mahudhurio kwenye daftari yakaanza kupungua. Safu ya "bado" ikajaa.

Mwaka 1990 Augustine Mrema akawa Waziri wa Mambo ya Ndani, na sungusungu wakapelekwa mijini kwa kishindo. Huko Dar es Salaam kila nyumba ilitakiwa itoe mtu wa kulinda au itoe mchango. Matokeo yake unayajua kama umewahi kukaa mjini: wenye nafasi walitoa mchango, na vijana wasio na kazi ndio waliokesha kwa mchango huo. Hapo kitu kilikuwa kimebadilika kabisa, hata kama filimbi ni zile zile. Kijijini nguvu yetu ilitokana na kwamba tajiri naye alikesha, na asipokesha alitozwa. Ukimruhusu alipe abaki kitandani, umeajiri mlinzi wa bei rahisi, basi.

Kwingineko mambo yalikwenda kwa namna zake. Wasukuma waliohama na mifugo yao kusini, hadi Mpimbwe kule Katavi ya leo, walibeba sungusungu kama walivyobeba mbegu za mtama, nao wakawa na ulinzi imara kati yao kuliko wenyeji Wapimbwe, jambo lililozua heshima na chuki kwa pamoja. Huko Tarime, Wakurya walikuwa na wizi wa ng'ombe wa koo kwa koo na wa kuvuka mpaka, na sungusungu walipandikizwa kwao na serikali. Ng'ambo ya pili, Wakurya wa Kenya waliuchukua utaratibu huo miaka ya tisini mwishoni wakauweka chini ya iritongo, baraza lao la zamani la ukoo. Jirani yao Kisii jina la sungusungu liliishia kwa kundi lililoogopwa, na mwaka 2010 serikali ya Kenya ikaliweka kwenye orodha ya makundi ya kihalifu yaliyopigwa marufuku. Kisha, baada ya shambulio la kigaidi la Westgate, Nairobi, la 2013, Kenya hiyohiyo ikatangaza Nyumba Kumi, mfumo uliotokana na balozi wetu wa TANU. Jina moja limepigwa marufuku na ndugu yake akakaribishwa sebuleni.

Kwetu sungusungu hawakufa, walififia. Kahama imekuwa manispaa, mgodi wa Bulyanhulu umeleta dhahabu, magari na walinzi wenye sare, na kijana wa leo analinda kwa simu. Ng'ombe akiibwa siku hizi hupakiwa kwenye lori, na kabla hujamaliza kufunga viatu yuko mnadani mkoa mwingine. Unyayo wa lori haukabidhiwi mpakani. Vikongwe nao wameendelea kuuawa katika ukanda wetu, na kuanzia mwaka 2007 tukaona pia wenye ualbino wakiwindwa, kwa hiyo mtu asinieleze kwamba ulinzi wa jadi ulimaliza ubaya. Ulimaliza wizi wa ng'ombe kwa miaka kadhaa, na hilo si dogo kwa aliyekuwa na ng'ombe. Mjane yule hakuwa naye.

Ndiyo maana semina zinanikera. Polisi jamii wanafundishwa kama kwamba wananchi hawakuwahi kufanya lolote, na wazee wetu wanasimulia kama kwamba hawakuwahi kukosea lolote. Waliyoyafanya na waliyoyakosea yote yameandikwa, kwa mkono, katika madaftari ya makatibu wa vijiji kuanzia Kahama hadi Maswa, Nzega hadi Geita. Mengi yamefungiwa maandazi. Mengine yameliwa na mchwa kwenye dari za watu ambao hawajui ni kitu gani kiko juu yao. Letu liko kwangu, limekatika mgongo.

Kama baba yako au babu yako alikuwa katibu wa sungusungu, muulize leo daftari liko wapi. Usilipige picha ukaliweka kwenye kundi la simu, maana ndani kuna majina ya watu waliochapwa na kufukuzwa, na watoto wao wako hai. Lifunge kwenye nailoni, lipeleke Makumbusho ya Bujora pale Kisesa au kwenye chuo chenye idara ya historia, na uandike kwa kalamu yako kijiji gani, miaka gani, na nani alikuwa akiliandika. Ukichelewa utakuta jalada.